Maneno Tisa ya Wallace: Maisha, Maandishi na Madaftari Yaliyopotea ya Mtaalamu wa Viumbe wa Karne ya 19

Ikisiri

Alfred Russel Wallace (1823–1913) anakumbukwa hasa kwa mambo mawili: kuifikia kanuni ya uteuzi asilia bila kuongozwa na kazi ya Charles Darwin, na kubainisha mpaka unaotenganisha wanyama wa upande wa Asia na wale wa upande wa Australia. Makala haya yanamtazama kwa upande ambao haujajadiliwa sana, yaani Wallace mkusanyaji wa lugha. Kwa kufuatilia hatima ya orodha za maneno alizokusanya katika Funguvisiwa la Malei kati ya mwaka 1854 na 1862, makala yanaonesha kwamba vielelezo vyake vya wanyama vilidumu kwa sababu vilikuwa na wakala, bima, soko na makumbusho, ilhali orodha za lugha hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Hoja kuu ni kwamba data ya lugha haidumu kwa thamani yake pekee. Hudumu kwa mfumo unaoitunza. Hoja hiyo inawahusu moja kwa moja watafiti na washauri wa sera ya lugha katika ukanda wetu.

1. Utangulizi

Mwishoni mwa kitabu cha The Malay Archipelago, kilichochapwa London mwaka 1869, kuna kiambatisho ambacho wasomaji wengi hawakifikii. Baada ya mamia ya kurasa zinazosimulia misitu, volkano, vipepeo na ndege wa peponi, mwandishi anaweka majedwali mawili ya maneno. Jedwali moja lina maneno 117 katika lugha 33. Jingine lina lugha 59, lakini kila lugha imepewa maneno tisa tu: yale yenye maana ya -eusi, -eupe, moto, maji, -kubwa, -dogo, pua, ulimi na jino.

Mwanaisimu akiyaona maneno hayo tisa anaweza kudhani kwamba mwandishi aliyachagua makusudi kwa ajili ya ulinganishi, kama ambavyo sisi huchagua msamiati wa msingi tunapochunguza uhusiano wa lugha. Kwa sehemu ni kweli kwamba yalichaguliwa. Lakini kwa lugha 25 kati ya hizo, maneno hayo tisa ndiyo yote yaliyobaki. Mengine yalipotea London, si baharini wala msituni, kwa sababu mtu mmoja alihama nyumba.

Makala haya yanaanzia kwenye tukio hilo dogo ili kuyasoma upya maisha na maandishi ya Wallace. Tumeandikiwa mengi kuhusu mtu huyu kama mshirika wa Darwin, na mara nyingine kama mtu aliyefunikwa na kivuli cha Darwin. Swali letu ni tofauti: kwa nini mtu mmoja, mwenye bidii ileile na uangalifu uleule, aliweza kuwatunza mbawakawa 83,200 lakini akashindwa kuyatunza madaftari machache ya maneno ya watu?

2. Mpima ardhi asiye na chuo kikuu

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 katika kijiji cha Llanbadoc, karibu na mji wa Usk huko Wales. Familia yake iliishiwa mali kidogo kidogo, naye akaacha shule akiwa kijana wa miaka kumi na minne hivi. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Mwaka 1837 alijiunga na kaka yake William katika kazi ya kupima ardhi, na kwa miaka kadhaa walizunguka mashambani Uingereza na Wales wakiwa na minyororo ya kupimia na ramani.

Kazi hiyo ilimpa mambo mawili yaliyoongoza maisha yake yote. La kwanza lilikuwa jicho la mipaka. Mpima ardhi huuliza: eneo hili linaishia wapi, na kwa nini linaishia hapa? Wallace aliyauliza maswali hayohayo baadaye kuhusu nyani wa Amazon na kasuku wa Lombok. La pili lilikuwa uchungu wa dhuluma. Alishiriki kupima ardhi ya pamoja ambayo maskini waliilishia mifugo yao, ili igawiwe kwa wenye mashamba makubwa. Wakati huo aliifanya kama kazi nyingine yoyote. Katika tawasifu yake, My Life, ya mwaka 1905, aliilaani waziwazi. Mwaka 1881 alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama kilichodai ardhi irudishwe mikononi mwa umma, na mwaka 1882 alichapisha kitabu kizima cha kutetea hoja hiyo.

Mwaka 1844 alipata kazi ya ualimu mjini Leicester. Hapo alikutana na Henry Walter Bates, kijana mwenzake aliyemwonesha kwamba karibu na mji mmoja tu wa Uingereza kuna mamia ya aina za mbawakawa. Katika maktaba ya mji alisoma maandishi ya Thomas Malthus kuhusu ongezeko la watu. Vijana hao wawili hawakuwa na urithi wala cheo. Waliamua kwamba watakwenda nchi za joto, watakusanya viumbe, watauza vielelezo vya ziada kwa makumbusho na matajiri, na kwa fedha hizo watalitafuta jibu la swali kubwa la zama zao: spishi hutokeaje?

Jambo hili linahitaji kusisitizwa. Kwa Wallace, sayansi ilikuwa pia riziki. Kila mdudu aliyembandika kwenye pini alikuwa na bei London. Wakala wake, Samuel Stevens, alipokea masanduku, akayatangaza, akauza na kumtumia fedha. Bila Stevens hakungekuwa na Wallace tunayemjua.

3. Amazon: elimu ya wenyeji na moto wa meli

Wallace na Bates walifika Pará, Brazili, mwaka 1848. Baadaye walitengana, na Wallace akapanda Rio Negro na mto Uaupés. Alikaa miaka minne. Ndugu yake mdogo, Herbert, aliyemfuata huko, alifariki kwa homa ya manjano mwaka 1851.

Maandishi yake ya kipindi hiki yanaonesha jinsi alivyotegemea maarifa ya wenyeji. Katika makala yake ya mwaka 1852 kuhusu nyani wa Amazon, alieleza kwamba mito mikubwa ni mipaka ya spishi: aina inayopatikana ukingo huu inaweza isipatikane ukingo wa pili. Katika makala hiyohiyo alikiri kwamba wawindaji wenyeji walikuwa wakilijua jambo hilo vizuri, na kwamba walipomhitaji mnyama fulani walivuka mto kwenda kumtafuta upande wake. Hii ni miongoni mwa hatua za mwanzo za taaluma ambayo leo huitwa jiografia ya viumbe, na ndani yake kuna ushahidi wa watu ambao hatuyajui majina yao.

Hali ni hiyo katika kitabu chake kidogo kuhusu michikichi na jamii yake huko Amazon, kilichochapwa mwaka 1853. Kando ya jina la Kilatini aliandika jina la mti katika Lingoa Geral, lugha ya mawasiliano mapana iliyotokana na Kitupi, kisha akaeleza mti huo unatumiwaje: kuezeka, kusuka kamba, kutengeneza mishale, kula. Katika kitabu chake kingine cha mwaka huohuo, kinachosimulia safari yenyewe, aliongeza orodha za maneno ya lugha za Amazon, na mwanaisimu R. G. Latham akaziandikia maelezo. Kwa hiyo tangu mwanzo Wallace aliona kwamba lugha ni sehemu ya kile ambacho msafiri anawajibika kukileta.

Safari ya kurudi iliharibika. Tarehe 6 Agosti 1852, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli ya Helen iliwaka moto. Wallace aliokoa kisanduku cha bati chenye baadhi ya michoro yake ya samaki na michikichi na maandishi machache. Mkusanyiko wake mkubwa wa miaka ya mwisho uliteketea. Yeye na mabaharia walikaa siku kumi ndani ya mashua kabla ya kuokolewa na meli nyingine.

Kisa hiki husimuliwa katika karibu kila wasifu wa Wallace. Kinachotajwa kwa kupita tu ni kwamba Stevens, bila kuagizwa, alikuwa ameukatia mzigo ule bima ya pauni 200. Fedha hizo hazikurudisha hata kipepeo mmoja, lakini zilimwezesha Wallace kuishi, kuandika, na kujiandaa kwa safari ya pili. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ilitokea ndani ya mfumo uliokuwa umekwisha kuitarajia. Tulishike jambo hilo, kwani tutalirudia.

4. Kimalei, Ali na barua ya Ternate

Mwezi Aprili 1854 Wallace alifika Singapore. Kwa miaka minane iliyofuata alisafiri takriban maili 14,000 katika visiwa ambavyo leo vimo ndani ya Malaysia, Indonesia na Timor-Leste. Kwa hesabu yake mwenyewe, mkusanyiko wa safari hiyo ulifikia vielelezo 125,660, wakiwamo ndege 8,050.

Kazi hiyo isingewezekana bila lugha. Kimalei kilikuwa lugha ya bandari, soko na mashua kutoka kisiwa hadi kisiwa. Wallace alijifunza Kimalei, na kwa lugha hiyo aliajiri wapagazi, akanunua chakula, akauliza habari za ndege na akajadiliana na machifu. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu hali hiyo bila kuelezwa: lugha ya pwani iliyokua kwa biashara, ikapokea maneno mengi ya Kiarabu, na kuwaunganisha watu ambao kila mmoja ana lugha yake nyumbani. Hata baadhi ya maneno yenyewe ni ndugu. Tunachokiita kamusi wao hukiita kamus, na dunia yetu ni dunia yao pia.

Kwa lugha hiyohiyo alizungumza na Ali, kijana Mmalei aliyemwajiri Sarawak mwaka 1855. Ali alianza kama mtumishi na mpishi. Baadaye alijifunza kupiga ndege kwa bunduki na kuwachuna ngozi, akawa msaidizi mkuu wa Wallace na mwenzake wa safari. Mwaka 1858, kisiwani Bacan, Ali ndiye aliyeleta ndege wa peponi wa aina isiyojulikana na wataalamu wa Ulaya, mwenye manyoya marefu meupe yanayosimama mabegani. Ndege huyo sasa anaitwa Semioptera wallacii. Jina la kisayansi limemhifadhi mwajiri. Wallace mwenyewe, tumpe haki yake, alieleza katika kitabu chake kwamba ndege yule aliletwa na Ali, na walipoagana Singapore mwaka 1862 alimpiga Ali picha na kuitoa baadaye katika tawasifu yake. Mtaalamu wa viumbe wa Marekani, Thomas Barbour, aliandika kwamba mwaka 1907 alikutana Ternate na mzee aliyejitambulisha kwa jina la Ali Wallace.

Ternate ni kisiwa kidogo cha volkano huko Maluku, asili ya karafuu. Mche uliotoka visiwa hivyo ulipelekwa na Wafaransa Mauritius katika karne ya 18, na mapema karne ya 19 ukafika Unguja. Wallace alipopanga nyumba Ternate mwaka 1858, karafuu za Zanzibar zilikuwa tayari zinatawala soko ambalo zamani lilikuwa la visiwa hivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika pwani yetu, ingawa katika kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu mtawanyiko wa wanyama duniani aliipa Afrika Mashariki nafasi yake kama kanda ndogo inayojitegemea.

Ilikuwa mwezi Februari 1858, akiwa anasumbuliwa na homa, ndipo alipokumbuka hoja ya Malthus na kuiunganisha na swali lake. Viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Wanaotofautiana kwa namna inayowafaa ndio wanaobaki. Tofauti hizo zikilimbikizana, spishi hubadilika. Aliandika insha, akaipa tarehe ya Februari na anwani ya Ternate, akaituma kwa Darwin. Darwin, aliyekuwa ameifanyia kazi hoja hiyohiyo kwa takriban miaka 20 bila kuichapisha, aliipokea mwezi Juni. Rafiki zake Charles Lyell na Joseph Hooker walipanga insha ya Wallace isomwe pamoja na dondoo za Darwin mbele ya chama cha Linnean Society, London, tarehe 1 Julai 1858. Wallace hakuulizwa. Alipopata habari baada ya miezi kadhaa, alionesha furaha badala ya kinyongo. Kitabu chake kikuu cha nadharia, cha mwaka 1889, alikiita Darwinism.

5. Madaftari yaliyopotea

Katika safari hizo zote Wallace aliandika maneno ya lugha alizokutana nazo. Kwa maelezo yake, orodha hizo ziliwakilisha lugha 57 mbali na Kimalei na Kijava. Aliamini kwamba zaidi ya nusu ya lugha hizo zilikuwa hazijajulikana kabisa na wataalamu wa lugha wa Ulaya. Huo ulikuwa mkusanyiko adimu, pengine adimu kuliko mingi ya vipepeo vyake.

Baada ya kurudi Uingereza alimwazima John Crawfurd madaftari hayo yote. Hakukosea kumchagua Crawfurd. Alikuwa ametumikia utawala wa Uingereza huko Asia, alikuwa amechapisha sarufi na kamusi ya Kimalei mwaka 1852, na hakukuwa na Mwingereza wengi waliyemtambua zaidi yake katika uwanja huo. Miezi ikapita. Wallace hakuyadai madaftari, na alipokwenda kuyachukua aligundua kwamba Crawfurd alikuwa amehama nyumba na baadhi ya madaftari hayaonekani. Ndani yake mlikuwamo orodha 25. Hazikupatikana tena. Wallace alihisi kwamba, kwa kuwa yalionekana kama madaftari makuukuu yaliyochakaa, huenda yalitupwa pamoja na karatasi nyingine za taka.

Kilichookoa kidogo kilichookoka ni tabia yake ya kunakili. Kabla ya kuazima madaftari, alikuwa amenakili maneno tisa ya kawaida kutoka katika orodha zote. Kwa hiyo mwaka 1869 aliweza kuchapisha orodha 31 kamili, pamoja na Kimalei na Kijava, na maneno tisa tisa kwa lugha zote 59.

Tulinganishe sasa hasara mbili. Ya mwaka 1852 ilitokea baharini, kwa moto, na hakuna aliyeweza kuizuia. Ya madaftari ilitokea katika mji wenye maktaba, vyama vya kitaaluma na makumbusho kuliko mji mwingine wowote wa zama zile, mikononi mwa mtaalamu, tena wakati wa amani. Ya kwanza ilikuwa na bima. Ya pili haikuwa hata na stakabadhi. Kila mbawakawa alikuwa na kibandiko, namba na mahali pa kufikia. Orodha ya maneno ya kisiwa kizima haikuwa na mahali pa kufikia. Wallace hakuzidharau lugha. Asingeandika orodha 57 kama angezidharau. Wala Crawfurd hakuzidharau. Dosari ilikuwa kwamba zama zao zilijenga nyumba ya kuwekea wadudu kabla ya kujenga nyumba ya kuwekea maneno.

Kuna pingamizi moja la haki. Mtu anaweza kusema kwamba lugha hazikufa kwa sababu madaftari yalipotea. Wasemaji walibaki visiwani, na wataalamu wengine walikuja baadaye. Ni kweli. Lakini lugha hubadilika kati ya kizazi na kizazi. Orodha ya miaka ya 1850 ni ushahidi wa miaka ya 1850, na hakuna safari ya baadaye inayoweza kurudi nyuma kuuandika upya. Aidha, kiambatisho cha Wallace kinataja visiwa, vijiji na aina za watu, lakini hakitaji majina ya waliokaa naye na kumtajia maneno hayo. Hata zile orodha zilizochapwa zimebeba pengo hilo.

6. Bingwa wa mambo mengi, na mipaka yake

Baada ya mwaka 1862 Wallace hakusafiri tena kama mkusanyaji, lakini aliandika bila kukoma. Mstari alioubainisha kati ya Bali na Lombok, ambako kuvuka mlango bahari mwembamba kunamtoa msafiri kwa vigogota wa Asia na kumpeleka kwa kasuku weupe wenye vishungi, ulipewa jina lake na Thomas Huxley mwaka 1868. Island Life ya mwaka 1880 ilieleza jinsi visiwa vinavyopata viumbe vyake. Mwaka 1907, akiwa na miaka 84, alichapisha kitabu cha kupinga madai ya Percival Lowell kwamba sayari ya Mihiri ina mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Alionesha kwamba sayari hiyo ina baridi kali mno na hewa hafifu mno.

Alirejea pia katika lugha. Mwaka 1895 alichapisha makala akidai kwamba maneno ya mwanzo ya binadamu yalikuwa ishara za kinywa: midomo, meno na pua hushiriki kutamka majina yao wenyewe, na mwendo wa taya huiga maana. Mwanaisimu wa leo hawezi kuikubali hoja hiyo kama kanuni. Neno letu pua, lisilo na sauti hata moja ya puani, halimsaidii. Hata hivyo, pua, ulimi na jino ni maneno matatu kati ya yale tisa aliyoyanakili, na inaelekea swali la kinywa kutaja viungo vyake lilikuwa halijamtoka.

Haitakuwa uadilifu kumsifu bila kutaja makosa yake. Alitetea mazungumzo na mizimu, jambo lililowaudhi wanasayansi wenzake. Alipinga chanjo ya lazima ya ndui kwa kutumia takwimu, na historia ya ugonjwa huo imeonesha kwamba alikosea. Katika The Malay Archipelago aligawa watu kwa tabia na maumbile kwa namna ambayo leo tunaikataa, na aliusifu mfumo wa Waholanzi wa kilimo cha shuruti. Lakini kitabu hichohicho kinamalizika kwa kuikosoa jamii yake mwenyewe: kwamba taifa linaloongeza utajiri huku likiongeza ufukara halina haki ya kujiita limestaarabika kuliko jamii ndogo alizoishi nazo. Alishawishika pia kwamba ubongo wa watu walioitwa washenzi haukuwa duni kuliko ule wa msomi wa Ulaya. Hakuipata hoja hiyo maktabani. Aliipata kwa kuishi miaka 12 miongoni mwa watu ambao aliwahitaji kuliko wao walivyomhitaji.

Aliishi kwa shida ya fedha hadi mwaka 1881, Darwin na wenzake walipomwombea serikalini malipo ya uzeeni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 1908 alipewa nishani ya Order of Merit. Alifariki Broadstone, Dorset, tarehe 7 Novemba 1913.

7. Mafunzo kwa watafiti na watunga sera

Kisa cha madaftari ya Wallace kina takriban miaka 160. Ingekuwa faraja kusema kwamba ni cha kale. Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia, katika taasisi moja, kanda za sauti za wazee wa lahaja mbili zikitolewa nje wakati ofisi ikipakwa rangi. Hazikurudi ndani. Hakuna aliyekusudia kuzitupa. Hazikuwa na namba, wala nakala, wala mtu ambaye kazi yake ni kuziulizia. Wenzangu wengi katika ukumbi huu, nadhani, wana kisa chao kinachofanana na hicho.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote yakitokana na ushahidi tulioupitia.

Kwanza, kunakili kutangulie kuazima. Maneno tisa yaliyobaki ya lugha 25 yanatufundisha zaidi ya mwongozo wowote wa mbinu za utafiti. Data ya uwandani isihesabiwe kuwa imekusanywa hadi nakala yake iwe mahali pa pili, chini ya mtu wa pili. Wafadhili na vyuo vinaweza kuliweka hili kuwa sharti la kutoa awamu ya mwisho ya fedha.

Pili, utunzaji uwe na bajeti na mwenye dhamana. Vielelezo vya Wallace vilidumu kwa sababu kulikuwa na watu waliolipwa kuvipokea. Sera zetu za lugha huzungumza kwa ufasaha kuhusu ukuzaji, usanifishaji na ufundishaji. Mara chache hutaja kabati, seva, mkutubi na mshahara wake. Sera isiyotaja vitu hivyo haijatunza lugha, imeisifu tu.

Tatu, watoa taarifa watajwe, kwa ridhaa yao. Jina la Ali limetufikia kwa sababu Wallace aliliandika, na kwa sababu Ali mwenyewe hakuacha kulitaja. Waliotoa maneno ya lugha 57 hawakupata bahati hiyo. Mvuvi anayetutajia majina 40 ya samaki, au mkunga anayetutajia majina ya miti ya dawa, ni mchangiaji wa kamusi, na kamusi ina wajibu wa kumkiri pale anaporidhia.

8. Hitimisho

Wallace alikuwa mtu mwangalifu. Alihesabu wadudu wake hadi wa mwisho, akaweka tarehe kwenye barua iliyobadilisha biolojia, na hakumficha msaidizi wake. Mtu kama huyo alipoteza orodha za lugha 25, na alikiri kwa uaminifu kwamba alichelewa kuzidai. Kama uangalifu wa mtu binafsi ungetosha kuhifadhi lugha, orodha zile zingekuwapo leo.

Hazipo. Kilichopo ni maneno tisa ambayo mtu mmoja aliyanakili kabla ya kuyaachia madaftari yake mlango wa jirani. Anayeyasoma leo anajua jinsi watu wa visiwa vile walivyouita moto na maji, lakini hajui walivyomwita mama, mvua, mashua au kaburi. Kila mradi wa lugha unaoanza katika ukanda wetu mwaka huu una uchaguzi uleule mbele yake, na uchaguzi huo hufanyika mapema, siku bajeti inapoandikwa.